Niru ya Kaburi la Shida

Nchi ya Wepesi haina shida hata moja. Shida zilifutwa kwa Tangazo la Serikali Namba Kumi na Nne, lililosomwa redioni saa nne asubuhi, na kufikia adhuhuri ya siku hiyo mtu aliyelalamika kwamba ana shida alikuwa tayari mhalifu. Ili zilizofutwa zisirudi, iliundwa Wizara ya Wepesi, yenye ghorofa tisa na idara arobaini na moja. Jengo lake halina lifti, kwa maana lifti ina vitufe vingi vinavyoweza kumtatiza mwananchi. Wizara hiyo ndiyo iliyochapisha kitabu kiitwacho Mwongozo Mfupi, chenye kurasa mia sita na tatu, bila kuhesabu faharasa, ambayo imechapishwa peke yake katika juzuu ya pili.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi fundi wa niru aliyeitwa Vuai. Waliozaliwa katika enzi hizi za rangi za makopo huenda hawaijui niru, na si kosa lao. Niru ni chokaa iliyozimwa kwa maji, ikachujwa, ikalazwa shimoni kwa miaka mpaka ikalainika, kisha ikapakwa ukutani na kusuguliwa kwa jiwe hadi ukuta ung'ae kama yai lililomenywa. Vuai alikuwa mkandarasi wa kujiajiri. Hakuwa na kampuni wala mwajiri; alikuwa na mwiko, jiwe la kusugulia, na mkewe Bi Mize.

Bi Mize hakupaka ukuta hata mmoja maishani mwake, ila bila yeye hakuna ukuta ambao ungepakwa. Ndiye aliyenunua mawe ya chokaa, ndiye aliyepatana na wateja, na ndiye aliyeijua kodi ya mauzo. Kwa Njia ya Kawaida, fundi humtoza mteja kodi, ishirini katika kila mia. Kisha hutoa kodi ambayo yeye mwenyewe aliilipa dukani aliponunua vifaa, na kinachobaki hukipeleka serikalini. Ili aruhusiwe kutoa hicho cha dukani, sharti awe na stakabadhi. Bi Mize alizitunga stakabadhi zote kwenye njiti ya gurudumu la baiskeli iliyopigiliwa nyuma ya mlango, na nyuma ya kila moja aliandika kwa kalamu ya risasi habari zake, mumewe akimwita Baba Raya, kwa jina la binti yao. "Chokaa ya ukumbi wa Mzee Mshenga, ambaye hajamaliza kulipa na haoni haya." "Ndoo mbili. Ile ya zamani aliikalia Baba Raya ikapasuka."

Mafundi wa niru wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Katika juma la harusi, bwana na bibi harusi huchimba shimo uani, wakalaza humo chokaa ya kutosha makaburi mawili, wakalifunika kwa bamba la saruji mbichi na kubonyeza viganja vyao juu yake. Kila mwaka kabla ya masika huifunua, huigeuza kwa koleo, huiongezea maji, kisha huilaza tena. Atakayetangulia kufa, atakayebaki husubiri udongo wa kaburi ukae, halafu kabla ya mvua kubwa hulipaka kaburi niru kwa nusu ya chokaa hiyo, na kwenye upande wa miguuni hubonyeza kiganja chake cha kushoto. Nusu ya pili humsubiri yeye. Chokaa hiyo haiuzwi, haikopeshwi, wala haijaribiwi ukutani.

Bi Mize alifariki siku tatu baada ya masika kwisha. Shimo lao lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja.

*

Miezi miwili baada ya mazishi, Vuai alisimama nyuma ya mlango akiitazama ile njiti. Alikuwa amekwisha kupokea barua mbili za kumkumbusha hesabu zake za kodi. Alichomoa stakabadhi ya kwanza, akaigeuza, akasoma: "Chokaa magunia sita. Baba Raya anasema ni nyingi. Atakuja kunishukuru." Akairudisha mahali pake, akatoka nje, akakaa kizingitini.

Binti yake Raya, fundi cherehani aliyeishi mtaa wa pili, alimkuta hapo.

"Nipe mimi, Baba. Nitakuandikia hesabu zako. Kujumlisha na kutoa hakunishindi."

"Najua hakukushindi."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Sitaki mwandiko mwingine juu ya wa mama yako."

"Nitaandika kwenye daftari langu mwenyewe."

"Raya," alisema Vuai, "utazisoma. Utazisoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo unavyosoma, na mimi nitakuwamo humu ndani."

Raya akaketi kizingitini kando yake. Ndipo Vuai alipomwambia kwamba amesikia redioni habari za Njia Nyepesi, ambamo mtu halazimiki kuwa na stakabadhi yoyote.

"Baba, ukisikia serikali inasema kitu ni chepesi, kipime kwanza."

"Nimechoka kupima, mwanangu."

*

Njia Nyepesi ilichaguliwa ghorofa ya tisa. Vuai alipofika juu, alimkuta kijana mwenye tai fupi na uso wa huruma, ambaye kibao cha mezani kilimtambulisha kuwa Bwana Sarahani, Mrahisishaji Daraja la Pili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Umekuja kurahisishwa?"

"Nimekuja kuchagua njia ya kodi ya mauzo."

"Ndiko kurahisishwa huko. Karibu uketi. La, siyo kiti hicho, hicho ni cha Njia ya Kawaida, utaumia mgongo."

Bwana Sarahani alieleza kwa ufasaha. Katika Njia Nyepesi, mkandarasi huzisahau stakabadhi zote. Hutazama fedha alizopokea kwa wateja, hutoa fungu moja tu, akalipeleka serikalini, akaenda zake kulala. Fungu lenyewe hutegemea aina ya kazi.

"Kazi yako ni ipi?"

"Fundi wa niru."

Mrahisishaji alifungua Mwongozo Mfupi, akapekua, akaramba kidole, akapekua tena.

"Haimo."

"Kazi hii ipo tangu enzi za babu wa babu yangu."

"Mzee wangu, sijasema kwamba haipo. Nimesema haimo." Akaendelea kupekua. "Hebu nieleze, unafanya nini hasa?"

"Ninapaka kitu cheupe, laini, juu ya kitu kigumu, kisha ninakilainisha mpaka king'ae."

"Ahaa! Ungesema mapema." Akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Mpambaji keki. Tisa katika mia. Fungu zuri sana, mzee wangu. Wachimba visima wanalililia."

"Lakini mimi si mpambaji keki."

"Wala sisi hatusemi kwamba u mpambaji keki. Tunaandika tu."

Vuai aliwaza. Tisa katika mia haikuwa mbaya. Na tena asingelazimika kusimama nyuma ya mlango. Akatia sahihi mahali thelathini na moja. Swali la mwisho katika fomu lilisema: "Je, umechagua wepesi kwa hiari yako?" na jibu lilikuwa limekwisha kuchapwa.

"Huwezi kubadili uamuzi kabla ya miezi kumi na miwili," alisema Bwana Sarahani, "kwa sababu kubadilibadili kunaleta ugumu. Sasa imebaki Kuaga Uzito."

Kuaga Uzito kulifanyika uani kwa Wizara, kila siku ya Jumatano, mbele ya bendera. Palikuwa na seredani kubwa ya chuma, yenye makaa ya moto, na mlinzi aliyevaa glavu nyeupe. Kila aliyechagua Njia Nyepesi alitakiwa kuleta stakabadhi zake za zamani na kuzitia motoni kwa mkono wake, ili asije akashawishika kuzikumbuka. Aliyekuwa mbele ya Vuai, muuza vioo, alizimwaga zake kutoka gunia huku akicheka. Vuai alizichomoa moja moja. Alipofika ile ya magunia sita alisita, na mlinzi akamwambia kwa upole, "Songa mbele, mzee, wenzako wanasubiri wepesi."

Njiti alirudishiwa, kwa kuwa chuma hakiungui. Akarudi nayo nyumbani akaipigilia palepale, tupu.

*

Barua ilifika mwezi wa Januari. Bahasha iliandikwa "Kwa Mpambaji Keki Vuai," na ndani yake palikuwa na hongera za sikukuu, picha ya Waziri akitabasamu, na taarifa kwamba katika miezi iliyopita mlipakodi hakununua kifaa chochote cha kazi. Kwa mujibu wa ukurasa wa mia tano themanini na nane, mkandarasi asiyenunua vifaa hauzi ila mikono yake. Naye ambaye hauzi ila mikono yake huingizwa katika daraja liitwalo Mkono Mtupu, ambalo fungu lake si tisa katika mia, bali kumi na tisa, tena kuanzia siku ya kwanza. Tofauti ilipwe ndani ya siku arobaini. Isipolipwa, ua utapigwa mnada pamoja na vilivyomo.

Vuai alilisoma neno "vilivyomo" mara tatu. Akapanda ghorofa tisa.

"Bwana Sarahani, mimi ninatumia chokaa kila siku."

"Uliinunua lini?"

"Hii ninayotumia sasa imelala mwaka wa tano."

"Basi mwaka huu hukununua."

"Hakuna fundi wa niru anayetumia chokaa aliyoinunua mwaka huu! Mbichi hiyo. Itafura ukutani, itapasuka, itamwangukia mwenye nyumba kitandani."

"Mzee wangu, mpambaji keki ambaye sukari yake ina miaka mitano tungempeleka mahakamani. Wewe tumekuvumilia." Akasogeza kalamu zake. "Una stakabadhi za huo mwaka?"

"Nilizichoma hapo chini. Mlisimama mkapiga makofi."

"Kweli, tulipiga," alisema Bwana Sarahani, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akavuta kiti karibu. Haikuwa tabia yake kumwacha mwananchi akiteremka ngazi zile bila matumaini. "Ipo njia. Utaliuzia Ghala la Taifa chokaa yako, na juma linalofuata utainunua tena kwa bei ileile. Utapata stakabadhi mpya, yenye tarehe ya mwaka huu. Hapo umenunua vifaa, si Mkono Mtupu tena, na ua wako umesalimika."

"Na chokaa?"

"Haitainuka ilipo. Kitakachotembea ni karatasi."

*

Bwana Sarahani alikuja uani kwa Vuai yeye mwenyewe siku ya Jumanne, na daftari, kipimio, na kadi ya kupimia weupe. Raya aliacha cherehani yake akaja kusimama karibu na baba yake, mikono kifuani.

Palikuwa na mashimo matatu. Mawili yalikuwa ya kazi, karibu na lango. La tatu lilikuwa nyuma ya jiko, chini ya bamba lenye viganja viwili, kimoja kipana, kimoja chembamba chenye kidole cha mwisho kilichopinda kidogo.

"Na lile?"

"Lile si la kazi," alisema Raya upesi. "Lile ni la Mama."

"Yuko wapi nizungumze naye?"

Raya akamtazama mpaka kijana akainamisha uso kwenye daftari. Vuai akamweleza desturi, akamweleza kwamba yamebaki majuma matano masika yaanze, na kwamba udongo wa kaburi la mkewe umekwisha kukaa.

"Poleni sana," alisema Bwana Sarahani, na hakuwa mnafiki. "Ila fomu inasema vitu vyote vilivyomo uani. Nikiliacha moja na mkaguzi akaligundua, itaitwa ufichaji, na adhabu ya ufichaji ni uleule mnada. Nikiliandika, juma moja tu, linarudi kwako likiwa safi kisheria. Nyinyi amueni."

"Baba, usikubali."

"Wakiuza ua, wanauza na shimo, Raya."

Basi likaandikwa. Na huenda hata hapo mambo yangenyooka, kama Bwana Sarahani asingefika kwenye safu ya mwisho ya daftari lake, iliyohusu ubora.

"Daraja la Kwanza, la Pili, au la Tatu? Haya mawili ya langoni?"

"La Pili," alisema Vuai. "Hayajakomaa."

"Na hili la nyuma? Niandike la Tatu? Zee hili."

Raya alimkanyaga baba yake mguu. Lakini fundi wa niru anaweza kudanganya juu ya umri wake, juu ya afya yake, hata juu ya siku atakayomaliza kazi. Juu ya chokaa hajui kudanganya, kwa kuwa hakufundishwa. Vuai aliliinua bamba. Akachota kwa vidole viwili, akampakaza Mrahisishaji nyuma ya kiganja, akasugua mara moja.

"Iguse."

Bwana Sarahani akagusa. "Kama samli!"

"Miaka thelathini na mmoja imegeuzwa. Hakuna mwaka alioikosa. Mwaka aliomzaa huyu Raya, aliigeuza akiwa na mimba ya miezi minane, mimi nikimkemea, naye ananiambia, 'Baba Raya, wewe shika koleo lako.' Hakuna chokaa kama hii katika nchi nzima. Andika Daraja la Kwanza."

Likaandikwa Daraja la Kwanza. Na umri nao ukaandikwa.

*

Wakati huohuo, katika ghorofa ya saba, Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Wepesi ilikuwa imekabiliwa na jambo ambalo katika nchi nyingine lingeitwa shida. Waziri alikuwa ameagiza kwamba mwaka huo, katikati ya uwanja mkuu, lijengwe Kaburi la Shida, ili vizazi vijavyo vijue mahali Shida ilipozikwa. Kaburi lilikuwa limekwisha kujengwa, refu hatua kumi na mbili, na ndani yake hamkuwa na kitu, kwa kuwa Shida haikupatikana. Ila Waziri alikuwa ameona katika kitabu cha zamani kwamba makaburi ya watu wa heshima hupakwa niru ya miaka mingi; akataka niru isiyopungua miaka thelathini. Kamati iliulizia Ghala la Taifa. Ghala likafungua daftari lake, na katika nchi nzima ilionekana moja.

Vuai aliporudi nyumbani siku ya Ijumaa alikuta lori limekwisha kuondoka. Mashimo mawili ya langoni hayakuguswa. Bamba lenye viganja lilikuwa limelazwa pembeni kwa adabu, na shimo lilikuwa limekwanguliwa mpaka kwenye udongo.

Alipanda ghorofa tisa kwa mara ya tatu, na safari hii alipumzika katika kila moja.

"Uliniambia haitainuka ilipo."

Bwana Sarahani hakumwinulia macho. "Sikujua, mzee wangu. Naapa sikujua."

"Nimekuja na fedha. Nataka kuinunua, kama tulivyopatana."

"Ghala haliwezi kumuuzia mtu kitu kilichokwisha kununuliwa na Serikali kutoka kwa Serikali."

"Ipo fomu ya kuomba kurudishiwa?"

"Ilikuwapo. Ilirahisishwa mwaka jana."

"Ikawaje?"

"Ikaondolewa."

Kisha Mrahisishaji akasukuma karatasi juu ya meza, polepole, kana kwamba aliogopa itampa mtu jeraha. Ilikuwa barua ya zabuni. Kamati ilikuwa imetafuta mtu wa kulipaka Kaburi la Shida, na katika orodha yote ya walipakodi hakuonekana fundi wa niru hata mmoja. Ila karani mmoja mwerevu alikumbuka kwamba kuna mpambaji keki ambaye kazi yake inakaribiana.

*

"Usiende," alisema Raya. "Waache waipake wenyewe kwa mabrashi yao. Ipasuke siku ya sherehe, iwaaibishe mbele ya mabalozi."

"Mama yako aliigeuza miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana nakwambia usiende!"

"Ndiyo maana nitakwenda. Nimpe nani, Raya? Nimpe mtu wa rangi za makopo?" Alikuwa akilifuta jiwe lake la kusugulia kwa kitambaa, ingawa lilikuwa safi. "Kama itapakwa, itapakwa inavyostahiki."

Alifanya kazi siku kumi na moja. Walinzi waliokaa pale walisema baadaye kwamba hawajapata kuona fundi asiyepiga mluzi, asiyeomba maji, asiyelalamikia jua. Alipaka mkono wa kwanza wa niru, akauacha unyweke. Akapaka wa pili. Kisha akasugua kwa jiwe, duara ndogo ndogo, kuanzia kichwani kwenda miguuni. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kaburi lolote, liwe kubwa namna gani, haliwezi kumaliza chokaa ya makaburi mawili. Alikosea. Heshima ya Shida ilikuwa kubwa. Siku ya kumi nusu zote mbili zilikuwa zimekwisha, na makombo yaliyobaki kwenye ndoo yalipimwa na mkaguzi, yakaandikwa mali ya Taifa, yakasombwa.

Siku ya kumi na moja, alipomaliza kusugua upande wa miguuni, niru ikiwa bado na unyevu, mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe ukabonyeza pale. Alikaa hivyo, ameinama, kwa muda ambao mtu hutumia kuaga. Alipouondoa alimwona Bwana Sarahani amesimama nyuma yake na fomu ya makabidhiano, ambayo ina safu ya kasoro.

"Hicho ni nini, mzee wangu?"

"Unajua ni nini. Nilikueleza."

Mrahisishaji alikitazama kiganja. Akaitazama safu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliandika jambo alilojua si kweli: "Hakuna kasoro."

*

Siku tatu baadaye ilikuwa Siku ya Wepesi, na uwanjani palitandikwa mazulia. Waziri, aliyekuwa amebebwa kwenye kiti ili asipate tabu ya kutembea, alihutubia kwa saa tatu juu ya fadhila za ufupi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo tunaizika Shida, tena kwa heshima zote za kitaifa, isije ikasema kwamba ilidhulumiwa! Tazameni weupe huu! Nani aliwahi kuona weupe kama huu? Na tazameni hapa miguuni" — akaonyesha kwa fimbo yake — "kiganja! Nimeambiwa kwamba hiki ni kiganja cha mwananchi wa kawaida, akiisukuma Shida iende zake, isirudi tena!"

Watu walipiga makofi. Bendi ikapiga wimbo wa furaha. Vuai alikuwa amesimama nyuma kabisa, na aliyekuwa karibu naye alidhani anapiga makofi pia, kumbe alikuwa ameishika mikono yake pamoja, mmoja ndani ya mwingine, kama mtu aliyebeba kitu.

Malipo yake yaliletwa palepale ndani ya bahasha, na karatasi ya maelezo. Kwa kuwa chokaa iliyotumika ilikuwa mali ya Serikali, mkandarasi hakutumia kifaa chake mwenyewe hata kimoja. Kwa hiyo, kwa kazi hii na zote zilizotangulia, ameingizwa katika daraja la Mkono Mtupu, na kumi na tisa katika mia yamekwisha kukatwa ili kumwondolea usumbufu. Hakuifungua. Alimpa Raya aishike.

"Nina ndoo," alisema Raya. "Nimeleta ndoo ya maji, kama ulivyoniambia. Sijui ya nini."

"Twende."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa kusini. Waliingia makaburini. Kaburi la Bi Mize lilikuwa tuta la udongo mwekundu, lililokaa vizuri, tayari kabisa, kama ukuta unaomsubiri fundi. Vuai akapiga magoti.

"Baba," alisema Raya, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwa sababu ndipo tu alipokuwa amelifikiri jambo lenyewe mpaka mwisho. "Ile nusu ya pili. Ile yako. Wewe utapakwa nini?"

"Mimi nimekwisha kurahisishwa, mwanangu."

Akaikunjua mikono yake. Hakuwa ameinawa tangu siku ya kumi na moja, wala kula hakula nayo. Siku zote tatu alikuwa amelishwa na Raya kwa kijiko, akidai kwamba vidole vinamuuma, naye Raya akimwita mtoto mkubwa. Sasa Raya aliona. Niru ilikuwa imekauka katika mistari yote ya viganja, chini ya kucha, katika mipasuko ya vidole, katika kila mkunjo ambao kazi ya miaka arobaini ilikuwa imemchimbia.

"Mwaga," alisema Vuai. "Polepole."

Raya akainamisha ndoo. Vuai akanawa juu ya tuta, kuanzia kichwani kwenda miguuni, akisugua kidole kwa kidole, bila haraka, kama mtu mwenye shimo zima la kupaka. Maji yaliyoanguka juu ya udongo yalikuwa meupe. Kisha yakawa ya kijivu. Kisha yakawa maji.